Bomba la Shimo la Tatu

Kaunta ya mizigo bandarini ilifurika watu, kila mmoja anamsukuma mwenzake. Kati ya purukushani hiyo kaka mmoja mrefu, kavaa ovaroli la rangi ya chungwa, alikuwa amekumbatia bomba la chuma, anataka kuliweka sakafuni.

"Wewe kaka, usililaze!" akafoka dada mmoja mwenye gauni la bluu na kilemba kilichofungwa kwa maringo. "Udongo uliomo ukitikisika, vipimo vyote vimeharibika!"

"Na wewe ni nani wa kunifokea hivyo?"

"Mpimaji. Hilo bomba linakuja kwenye maabara yangu."

Mrefu akatabasamu, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Yeye alikuwa mhandisi wa melini, anachoronga sakafu ya bahari na kuutoa udongo wa chini. Dada ndiye aliyeupima na kusema kama utabeba nguzo za mitambo ya upepo. Haikuchukua muda, simu zikawa hazikauki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Acha kujifanya daktari."

"Mgonjwa ni mimi, bibie. Dawa iko huko nchi kavu."

Basi moyo ukayeyuka. Lakini dada huyu, tangu mchumba wake wa kwanza amwache solemba, alikuwa haamini kitu mpaka akishike. Na lo, alichokishika maabara siku moja kilimtoa jasho! Udongo wa shimo la tatu ulikuwa ule ule wa shimo la pili: kijivu kile kile, vipande vile vile vya kombe, na mashine ilipoukandamiza ulipasuka kwa uzito ule ule. Na mashimo yenyewe yametengana mbali! Bahari ilichafuka, akawaza, huyu kaka hakuchoronga shimo la tatu. Kaugawa udongo mmoja, kabandika lebo mbili. Na mapenzi yote haya ni ya kuniziba mdomo.

Akapiga simu. "Shimo la tatu mlilichoronga?"

"Mbona unauliza, laazizi?"

"Usiniite laazizi. Jibu."

"Vipimo vinasemaje?"

"Nimekuuliza mimi kwanza!"

"Basi andika ulichokiona."

Akakata simu. Alilia chooni, akanawa uso, akaandika kuwa udongo ni wa shimo moja na mhandisi wa melini ahojiwe. Akampelekea bosi upesi, kabla moyo haujamgeuka. Nguzo haisimamishwi mahali ambapo hakuna anayejua chini kuna nini, hata kwa ajili ya mapenzi.

Meli ilipotia nanga, Mrefu akaingia maabara, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Lile bomba nililijaza udongo wa shimo la pili makusudi," akasema. "Maabara tuliyoitumia kabla yenu ilikuwa inatunga namba bila kupima. Sasa kila maabara mpya tunaitega hivyo. Udongo halisi wa shimo la tatu uko melini, unashushwa leo."

"Ulinitega."

"Mpango ulikuwepo kabla sijakujua."

"Na baada ya kunijua?"

Mrefu akajikuna shingo. "Ningekwambia, mtego ungekufa. Halafu... nilitaka kujua kama utanifichia kosa kwa sababu unanipenda. Nisamehe."

"Kumbe ulikuwa unanipima huku unaniuliza kama nimekula!"

"Na wewe umeandika nihojiwe, mpaka ukapigia mstari. Bosi wako kanionyesha."

Dada alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Alipoinua macho, Mrefu alikuwa ameshika pete.

"Nikuoe?"

Ole wake, alimpenda kupita kiasi. Lakini shaka haikumtoka.

"Nipe namba ya mama yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akapiga, Mrefu kasimama palepale na pete yake, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama. Samahani, huyu mwanao mrefu hana mke mahali?"

Upande wa pili mama akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba. Hana, mwanangu! Nani angemvumilia?"

"Mimi," akasema dada, akanyoosha kidole.