Sufi Ilivyoliokoa Bwawa

Sogeeni karibu, majirani zangu, kwa maana jambo hili linauhusu mtaa mzima, hata kama lilianzia kwenye nyumba moja.

Palikuwa na fundi magari tuliyemzoea kwa jina la Spana. Gereji yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na kwenye chumba cha mbele mkewe alishona magodoro na mito ya sufi. Chini ya mteremko kulikuwa na bwawa. Hapo mama mkwe wake alifuga bata, na sisi tulichota maji ya bustani. Asubuhi ungesikia cherehani, nyundo, na bata wakipiga soga majini. Nyumba ile ilikuwa na raha, siwafichi.

Ila Spana alikuwa na tabia moja. Oili chafu aliyoitoa kwenye injini aliiweka katika pipa lisilo na kifuniko, ukingoni mwa mtaro. Pipa likijaa, alipunguzia mtaroni.

"Mume wangu, mtaro huo unakwenda kwa mama," mkewe alimwambia.

"Oili kidogo tu hiyo! Itamfanya nini?"

Mnajua wenyewe, mdharau mwiba mguu huota tende. Siku moja alikuwa akirudisha lori nyuma huku akiongea na simu, akaligonga lile pipa. Oili yote ikamwagika mtaroni. Hata kabla hajazima injini, alisikia yowe la mama mkwe.

Alipofika bwawani, upande mmoja wa maji ulikuwa mweusi tii. Bata mmoja alijaribu kukunjua mabawa, yakagoma. Spana ikamtoka salamu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Wasalimie na bata, kama bado wanakusikia."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akakimbilia ndoo ya sabuni ya unga, lakini mkewe akamshika mkono.

"Acha! Sabuni itayatawanya mafuta bwawa zima."

"Sasa tufanyeje?"

Mkewe alikuwa ameshageukia nyumba. "Mto wako unachafuka kila mara kwa sababu sufi inakunywa mafuta ya nywele zako. Lakini mto huohuo ulipoanguka kwenye beseni la kufulia ulielea, na maji hayakuingia ndani. Twende!"

Akalichana godoro lao wenyewe. Sufi akaishindilia kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu, akaiunganisha kwa uzi mpaka ikawa kama nyoka mnene mweupe. Seremala wa jirani akaleta magunia ya maranda, tukaziba mtaro ili oili iliyobaki isishuke. Kisha tukamtandaza yule nyoka juu ya maji, wengine ng'ambo hii, wengine ng'ambo ile, tukavuta polepole.

Lo! Sufi ilikuwa ikigeuka nyeusi, na nyuma yake maji yakibaki safi. Tulipoikamua kwenye ndoo, oili ikatoka, nasi tukairudisha sufi kazini. Spana ndiye aliyeingia kwenye matope, maji kifuani, bila kutumwa na mtu. Mama mkwe aliwaosha bata mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu.

Bata wawili walikufa, na majani ya ukingoni yalikauka. Lakini bwawa lilipona. Jioni Spana alisimama mbele yetu sote, kichwa chini.

"Nisameheni. Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema mama mkwe. "Kesho lete kifuniko cha pipa, na uje na jembe tupande majani mapya."

Alikuja navyo vyote viwili. Na usiku ule wa kuchana godoro, mtu na mkewe walilala mkekani, na jirani wa ukuta mmoja anasema aliwasikia wakicheka.

FUNZO

Ndugu zangu, uchafu ukiutoa kwako haujapotea, umeuhamishia kwa mwenzako. Mimea imetupatia sufi na maranda ya kutuokoa tunapokosea, na tushukuru kwa hilo. Lakini haikutupatia ruhusa ya kukosea kila siku.