Mshale wa Komtsa

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa kaya sita pale kisimani, kwenye mchanga wa Kalahari. Asubuhi mama alipasua kokwa za mti wa mongongo na baba alinyoosha mishale. Chifu hatukuwa naye, na hakuna aliyemtaka. Nikizikumbuka siku zile, moyo huniuma.

Baba yangu, Dabe, alikuwa na shabaha kuliko wote. Lakini kwetu nyama hugawiwa na mwenye mshale, si aliyeupiga. Ndiyo maana wawindaji huazimana mishale. Mwaka ule baba aliacha kuazima. Kila mnyama akawa wake kugawa. Watu wakawa wanakuja kwetu kungoja, mikono magotini.

Siku moja majirani walianza kufunga mizigo ili wahamie kisima kingine. Nililia, maana rafiki zangu wote walikuwa wanaondoka. Baba alimfuata Xoan, jirani yetu mwenye ulimi mkali.

"Mnanikimbia? Nimemnyima nani?"

"Hujamnyima mtu, bwana mkubwa. Tumeshiba mpaka tumekuchoka."

"Acha mzaha, Xoan."

"Basi sikia. Watu wa kale hawakuwa na kucha za simba wala mbio za duma. Waliishi kwa kusaidiana. Leo aligawa huyu, kesho yule. Akigawa mmoja kila siku, tutaanza kumwogopa. Tukimwogopa, ameshakuwa bwana wetu. Sisi mabwana hatuwataki."

Baba aliona haya. Akaenda kwa Komtsa, mzee aliyeacha kuwinda kwa sababu ya macho mabovu.

"Mzee, niazime mshale."

"Kwani yako imeliwa na mchwa?"

"Haina bahati."

"Mwongo wewe! Chukua."

Siku ya tatu tulimkuta amekufa tandala ambaye baba alimpiga kwa mshale ule. Komtsa aligawa nyama, akipapasa kila kipande kwa vidole. Xoan alipokea chake akakunja uso, maana kwetu nyama hubezwa ili mwindaji asijivune.

"Dabe, umetuita tuje kubeba mifupa?"

"Kweli, hakuna kitu," baba alijibu. "Tuiache, turudi tukalale."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kile sikuwa nimekisikia kwa miezi. Mizigo ikafunguliwa jioni ileile.

Baba alipewa wa mwisho. Komtsa alimpa shingo. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kuketi katikati ya wenzake.