Nyuso Nyeusi Kwenye Seng'enge

Jua lilikuwa linazama Mererid alipokuwa akimfunga kunguru wa tatu aliyempiga risasi kwenye seng'enge, kichwa chini, kama walivyofanya wafugaji wote wa bonde lile la Wales. Wenzao waone, waogope.

Asubuhi ya siku ile alikuta wanakondoo wake wawili wametobolewa macho, wangali hai. Tangu hapo hakuiweka bunduki chini.

"Shemeji, umewakagua hawa?" aliuliza Idwal, mdogo wa mumewe. "Mapaja yana manyoya mengi, kama wamevaa kaptula. Hao ni kunguru wa kundi, hawadhuru kondoo."

"Kunguru wa kundi ana uso mweupe. Huyu mweusi mpaka mdomoni. Ni muuaji. Au ulitaka anionyeshe kitambulisho?"

Idwal akacheka, akaenda kufungia mbwa.

Ndipo harufu ikaja. Udongo uliofukuliwa sasa hivi...

Mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya seng'enge. Koti jeusi. Kuzunguka pua na mdomo, ngozi yake ilikuwa kavu, nyeupe kama mfupa.

"Umewakaza mno," alinong'ona. "Miguu inawauma."

"Toka shambani kwangu!"

"Wetu huwa na nyuso nyeusi mpaka watimize mwaka. Hukulijua hilo?"

Mererid alilijua. Asubuhi ile hakutaka kulijua.

"Wanakondoo wangu wametobolewa macho!" alifoka. "Nani atanilipia?"

"Waliofanya hivyo ni wawili tu. Wako juu ya banda lako. Wanakutazama."

Aligeuka. Juu ya paa walikuwa wametua kunguru wawili, kimya, wakimtazama.

Aliporudisha uso, mwanamke hakuwepo.

Seng'enge ilikuwa tupu.

Kamba zilining'inia pale pale. Mafundo hayakuguswa.

Kisha miti yote ya bondeni ikalia kwa pamoja, kraa, kraa, na kundi zima la kunguru likapaa, likafunika anga, likaenda. Halikurudi.

Kufikia Mei, malisho yalikuwa yamegeuka manjano. Kondoo walilia njaa, maziwa yakawakauka, wana wao wakaanza kufa mmoja mmoja.

"Wale ndio waliokuwa wakila funza wa shambani, shemeji," Idwal alisema. "Sasa nani atawala?"

"Nyamaza, Idwal!"

Kwa hasira Mererid alikamata nyasi, akavuta. Zikaja zote, kama mkeka. Hazikuwa na mizizi.

Chini yake, funza wa kijivu, maelfu, walikuwa wakijipindapinda.

Hawakukimbia mwanga.

Waligeuka, wote kwa pamoja, wakaanza kutambaa kuelekea miguuni pake.