Rede Kwenye Ukungu wa Uyole

Tangu asubuhi ukungu ulikuwa umeifunika Uyole. Damari alikaa mlangoni akichambua viazi, na kila mara alimtupia jicho bintiye. Pendo, mwenye miaka tisa, alikuwa dirishani na daftari lake. Hakuandika. Aliutazama ule weupe wa nje kama mtu aliyesafiri mbali bila kuinuka.

Tangu binti aingie darasa la nne, Damari alimkataza kucheza. Akitoka shule, ni kitabu. Jumamosi, ni kitabu. Damari mwenyewe hakumaliza shule, na hakutaka hayo yamfike mwanawe. Lakini Pendo alianza kuumwa kichwa. Alikula kidogo, alishtuka usingizini, na darasani alisinzia. Maneno yake nayo yakapungua, hadi nyumba ikawa kimya.

Mchana ule alimpeleka zahanati, wakampima, wasione ugonjwa. Nesi Matilda, ambaye alikuwa jirani yao, akauliza jambo moja tu.

"Mama Pendo, mtoto huyu anacheza saa ngapi?"

Damari akamwambia kuwa akitoka shule husoma tu.

Matilda akamweleza polepole. Mtoto akikimbia na kuruka, mifupa na moyo hupata nguvu, na usingizi huja wenyewe. Akicheza na wenzake hujifunza kushindwa na kupatana, na hofu humpungua.

"Masomo ni muhimu," alisema, "ila akili iliyochoka haishiki kitu. Mpe walau saa moja kila siku."

Jioni ile Damari alimpeleka uwanjani. Wasichana walikuwa wakicheza rede, wawili wakirusha mpira na walio kati wakiukwepa. Mpira wa soksi ulichomoza kwenye ukungu, ukapita, ukapotea tena. Pendo aling'ang'ania kanga ya mama yake. Basi Damari akaikaza kiunoni, wakaingia kati pamoja. Mpira ukaja, wakaukwepa. Ukarudi, ukampata Damari mgongoni, na Pendo akacheka.

Kicheko kile Damari alikuwa amekisahau. Alitoka akasimama pembeni. Ukungu ukammeza binti yake. Akawa hamwoni, anamsikia tu.

Tangu hapo Pendo hucheza kwanza, kisha husoma. Kichwa kimeacha kuuma, na hasinzii tena darasani. Juzi, wakati wa kula, alisimulia jinsi walivyowashinda wa mtaa wa pili. Alisimulia, akasimulia, usingizi ukamchukua hadithi haijaisha. Damari akalitoa taratibu tonge la ugali mkononi mwake, akambeba kitandani.