Kulwa Aende Mwenyewe

Nyumbani kwetu Nyasubi, mjini Kahama, siku ilianza kwa mama kumwita Kulwa, na Kulwa kutoitika. Mara ya kwanza mama aliita kwa upendo. Mara ya pili aliita kwa jina la ubatizo, William. Mara ya tatu hakuita tena. Alizungumza na sufuria.

"Unaona," aliiambia. "Tangu aanze kazi kwenye karasha, ana dharau. Nimembeba yeye na mwenzake tumbo moja, leo hanijibu."

Sufuria haikuwahi kumtetea Kulwa. Mimi pia sikuwahi.

Naitwa Shija. Kwetu Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Hatukuulizwa maoni. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni. Wakati huo nilikuwa likizo, nikipumzika baada ya kazi nzito ya kuwachokoza wenzangu bwenini.

Kulwa alifanya kazi kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu. Mashine ile hunguruma kutwa. Vumbi lake ni jeupe kama unga. Jioni Kulwa alirudi akifanana na mtu aliyeanguka kwenye gunia la sembe. Doto ni mkulima wa mpunga na pamba. Hajawahi kusaga hata jiwe moja. Lakini kwa sura, wawili hao wanafanana mno. Babu huwasalimu wote kwa pamoja ili asikosee.

Kulwa alikuwa ameomba kazi kwenye mgodi mkubwa upande wa Geita kwa muda mrefu. Alitaka mshahara wa kila mwezi na bima. Zaidi ya yote, alitaka kutoka kwenye vumbi. Ijumaa moja akapigiwa simu. Amekubaliwa, ila kwanza akapimwe afya. Aende Jumatatu, kwenye kliniki iliyochaguliwa na mgodi.

Jioni hiyo Kulwa hakula vizuri.

"Mbona umenuna kama umefiwa?" Doto akamuuliza. Alikuwa amekuja kutoka shambani kutusalimia. "Kazi si umepata?"

"Sijapata. Watanipiga picha ya kifua. Kifua hiki kimekula mawe. Wakiona hivyo, basi tena."

Mama akamsogezea kikombe kikubwa cha maziwa. Wachimbaji wengi huamini kwamba maziwa huosha vumbi kifuani. Mama aliamini kuliko wote. "Kunywa, ng'wanawane," akasema. Hivyo ndivyo Msukuma anavyomwita mwanawe. "Kunywa hadi Jumatatu."

Doto akatafuna tonge lake polepole. Kisha akasema, "Nitaenda mimi."

"Wapi?"

"Kupimwa. Kifua changu kizima. Nani atajua?"

Katika familia yenye mapacha, wazo kama hilo halionekani kuwa wizi. Linaonekana kuwa msaada. Kulwa na Doto walinyonya pamoja na wakaugua surua pamoja. Mmoja akichapwa shuleni, mwingine alienda kupokea nusu ya viboko. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema, "Labda Mungu aliwafananisha kwa sababu."

Mimi, kama msomi wa familia, nikaunga mkono. Nikasema lazima tufanye mazoezi. Nikavaa shati langu jeupe la shule na kujiteua daktari mkuu. Nikawaketisha wote wawili kwenye benchi, migongo kwangu. Nikatangaza kwa sauti ya mkuu wa shule kwamba sasa tunapima masikio.

Nikasogea nyuma yao na kunong'ona, "Anayetaka chapati anyooshe mkono."

Doto akanyoosha mkono.

Nikasogea upande wa kushoto wa Kulwa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Kulwa, shati lako linaungua."

Doto akageuka haraka kumtazama mwenzake. Kulwa alikuwa ametulia kama nguzo ya umeme. Nikacheka. Doto naye akacheka. Kisha tukaona mama hacheki. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Kulwa," mama akaita taratibu, palepale nyuma yake.

Kulwa hakuitika.

"Gashi," mama akasema. Yaani kumbe. "Mwanangu hana dharau. Hasikii."

Nikavua lile shati jeupe. Nilikuwa nimemaliza udaktari.

Doto akamgusa Kulwa begani na kumweleza. Kulwa akashika sikio lake la kushoto. "Linapiga filimbi tangu mwaka jana," akasema. "Nilidhani ni uchovu. Hata nyinyi, nilidhani mmeanza kuzungumza kwa chini."

Hapo tukasikia hodi. Alikuwa Nesi Dorah, jirani yetu, amefuata maziwa. Yeye hufanya kazi kwenye zahanati, na amewahi kupima wafanyakazi wa migodi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, Shija. Mbona leo umetulia? Unaumwa?"

Mama hawezi kuficha jambo. Kabla chupa ya maziwa haijajaa, alikuwa amesema yote. Nesi Dorah akaketi.

"Doto," akasema, "mgodini lori kubwa likirudi nyuma hupiga king'ora. Nani anatakiwa kukisikia?"

"Kulwa."

"Sasa masikio yaliyopimwa ni yako. Utakisikiaje ukiwa kwenye pamba?"



"Na wakigundua," Nesi akaendelea, "kazi itakwisha, na jina la udanganyifu litabaki."

"Lakini akienda mwenyewe si watamkataa?" mama akauliza.

"Mama Kulwa, siwezi kukuahidi kwamba hawatamkataa. Lakini kupima si kutafuta wa kufukuza tu. Daktari anataka kujua kazi ipi inamfaa nani. Anaweza kusema anafaa. Anaweza kusema anafaa kwa masharti, kwa mfano asikae kwenye kelele. Au atibiwe kwanza, kisha arudi."

"Watanifanya nini huko?" Kulwa akauliza, akimgeuzia sikio la kulia.

"Watakuuliza magonjwa uliyougua na kazi ulizofanya. Sema ukweli, karasha usiifiche. Watakupima urefu, uzito na presha. Utasoma herufi ukutani. Watachukua damu kidogo na mkojo. Ukiwa na dawa unazotumia, zibebe uwaonyeshe. Utapuliza kwenye mashine ili waone nguvu ya mapafu. Utapigwa picha ya kifua, haiumi. Kisha utaingia chumba kidogo kilicho kimya. Utavaa vifaa masikioni. Kila ukisikia mlio, hata mdogo kama mbu, unabonyeza kitufe."

"Na nisiposikia?"

"Usibonyeze. Usimtazame mpimaji usoni ukabahatisha."

"Na Ukimwi?" Doto akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwajiri haruhusiwi kumlazimisha mtu kupima Ukimwi ili ampe kazi. Kupima ni hiari yako. Na majibu yako ya ndani ni siri yako na daktari. Mwajiri anapaswa kuambiwa kama unafaa kwa kazi, na kwa masharti gani."

Mama akasukuma kikombe cha maziwa mbele. "Na haya, yanaosha kifua?"

Nesi Dorah akatabasamu. "Maziwa ni chakula kizuri. Lakini yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili. Kinachozuia vumbi ni barakoa nzuri na kumwagia mawe maji. Halafu Kulwa, piga simu kliniki uulize kama utatakiwa kwenda bila kula. Wakisema usile, hata maziwa ni chakula. Na kesho na keshokutwa usiende karasha. Masikio yapumzike mbali na kelele kabla ya kupimwa."

Jumatatu mapacha waliondoka pamoja. Doto alienda kama msindikizaji tu. Mapokezini mhudumu aliwatazama, akaangalia kitambulisho, akawatazama tena. Kisha akamwambia Kulwa aweke kidole kwenye mashine ya alama za vidole. Doto alituambia baadaye kwamba hapo jasho lilimtoka. Mashine ile isingejali kwamba walinyonya pamoja.

Kulwa alisema yote. Alitaja karasha, vumbi, kikohozi na ile filimbi. Kwenye chumba cha kimya alibonyeza kitufe aliposikia tu. Anasema kulikuwa na ukimya mrefu sana upande wa kushoto. Hapo ndipo alipojua mwenyewe.

Majibu ya mwisho hayakutoka siku hiyo. Picha ya kifua ilionyesha kitu kidogo, akatakiwa kutoa makohozi wapime kifua kikuu. Wiki hiyo nyumbani hakuna aliyetania, hata mimi. Kulwa alipokohoa, sote tulitazama ugali.

Hatimaye daktari akamweleza. Hakuwa na kifua kikuu. Mapafu yalikuwa na alama za vumbi, na asirudi kwenye vumbi tena. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta. Wakaisafisha, likafunguka. Sikio la kushoto liliharibiwa na kelele, na halitarudi kama zamani.

"Na kazi?" Kulwa akauliza.

"Unafaa kwa masharti," daktari akasema. "Usikae kwenye kelele wala kwenye vumbi. Na utapimwa tena kila mwaka."

Kazi ya kwenye mitambo yenye kelele, ambayo alikuwa ameomba, hakupewa. Mgodi ulimweka stoo ya vipuri. Anapokea vipuri, anapanga, anatoa. Akipita sehemu yenye kelele, anavaa vizibo vya masikio. Doto amerudi kwenye pamba yake. Ila sasa anawaambia vijana wa karasha wavae barakoa, wazibe masikio, na wasitafute mapacha.

Kulwa akija nyumbani mapumzikoni, mama haiti tena kutoka jikoni. Anakuja hadi upande wa kulia wa mwanawe. Anamgusa bega. "Kulwa."

"Naam, mama."

Sufuria siku hizi haina mtu wa kuzungumza naye.