Sindano Niliyoiweka Kinyume

Sikuwa na mke, wangu alishatangulia. Sikuwa na miwani ya kusomea, wala subira. Cheti cha shule ya jioni nilikuwa nacho, kimening'inia ukutani. Nilichokosa kabisa ni ulimi wa kusema, "Sijui."

— Inaruka mishono tena, Profesa, alisema jirani yangu, mshonaji mjane, mkono juu ya cherehani. Tangu uliponibadilishia sindano Jumatatu.

— Sindano ni mpya, bibie. Tatizo ni mikono. Uzee haupigi hodi.

Nikatia mafuta, nikakaza mkanda, nikajikohoza kama fundi. Alipojaribu, mshono ukatoka na mapengo kama kinywa changu.

— Basi nimekwisha, akasema taratibu.

Akanionyesha ujumbe aliomtumia bintiye: "Mwanangu, mikono imeniacha. Njoo Jumamosi unichukue. Cherehani nauza."

Aende zake? Na mimi nibaki kumtembelea nani?

Nikaenda kununua miwani, nikafungua kile kijitabu cha cherehani alichonipa Jumatatu nikakidharau. "Upande bapa wa sindano utazame kushoto." Wangu, nikakumbuka, ulitazama kulia. Niliipachika kwa kupapasa.

Nilirudi nikinuia kuigeuza kimyakimya. Nikamkuta anafunga mkasi wake kwenye kitambaa, kama anayemvisha sanda mtu wake. Nikashindwa.

— Sindano niliiweka kinyume.

— Ulijua?

— Nimejua leo. Sikuwa naona vizuri, nikaona haya kusema. Uzee wangu nikakutwisha wewe.

Akaigeuza, akakanyaga. Mishono ikanyooka kama mstari wa rula. Hakutabasamu.

— Siku tano navitazama vidole hivi kama vya maiti, na wewe umekaa hapo unakunywa chai yangu!

— Nisamehe, mpenzi.

Neno likaniponyoka. Masikio yakaniwaka moto.

— Mpenzi wa nani? Mwandikie kwanza mwanangu. Kwa mkono wako, si kwa simu. Mwambie kosa ni la nani.

— Halafu?

— Halafu mwambie unamtakia nini mama yake. Posa haipitii dirishani.

Akachukua simu, akaandika: "Usije kwanza. Subiri barua."

Niliandika pale pale, juu ya meza ya cherehani. Akaisoma yote, akakata maneno "bahati mbaya", juu yake akaandika "kiburi".

Sikubisha. Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaipeleka posta mwenyewe.