Daftari la Kachero

Kila siku saa kumi, akirudi kutoka shule, Kachero alivua viatu mlangoni, akawasha pampu ya maji nyuma ya nyumba ili tangi lijae, kisha akaketi sebuleni kumchunga binamu yake. Pampu alitumwa na mama. Kumchunga binamu alijituma mwenyewe. Jina la Kachero nalo alipewa na mama, kwa jinsi alivyopenda kuchimbua yasiyomhusu.

Mama yake alikuwa mpiga chapa. Kompyuta yake ilikaa pembeni mwa sebule, na siku hizo alikuwa akichapa kitabu cha mwalimu mmoja mstaafu. Tangu binamu ahamie kwao ili aendelee na masomo, kompyuta hiyo ilizimika ghafla kila siku na kuwaka tena, na kurasa ambazo hazijahifadhiwa zikapotea. Kwa Kachero hapakuwa na la kujiuliza: mgeni kaja, kompyuta ikaugua.

"Mama, huyu namtilia shaka," alinong'ona. "Anachekacheka ovyo. Halafu ameficha kitu chini ya godoro."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa napita tu."

"Unapitaje chini ya godoro, mwanangu?"

Hata hivyo, mama naye aliingiwa na wasiwasi, akampiga marufuku binamu kugusa kompyuta. Kachero akafungua daftari la ushahidi. Jumatatu, saa kumi na dakika tano, imezimika. Binamu yuko chooni, anajifanya. Jumanne, saa kumi na dakika saba, imezimika. Binamu anafua nguo. Huenda ana mshirika.

Alhamisi ilizimika isiwake tena. Kitabu kizima kilikuwa humo, na mwalimu alikitaka Jumamosi. Mama alishika kichwa.

"Nimechoka! Kesho nampigia mjomba wako aje amchukue mwanawe."

Binamu alisikia. Akaenda chumbani kufunga begi.

Jioni hiyohiyo aliitwa fundi wa kompyuta, mama mmoja jirani mwenye miwani minene. Kachero alimkabidhi daftari kwa maringo. Fundi alisoma, akacheka alipofika kwenye neno mshirika, kisha akarudia kusoma saa zilizoandikwa.

"Kila siku saa kumi na dakika chache," alisema. "Saa hizo kunawashwa nini humu ndani? Pasi? Pampu?"

"Pampu huwashwa jioni," mama alijibu. "Saa hasa siijui."

Kachero aliijua. Angenyamaza, binamu angeondoka kesho na hakuna ambaye angeuliza tena. Alitazama chumbani kupitia mlango uliokuwa wazi. Juu ya begi palikuwa na kile kitu cha chini ya godoro: kipande cha boksi kilichochorwa herufi zote za kompyuta kwa kalamu. Binamu alikuwa akijifunza kuchapa juu ya boksi hilo. Kachero aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Ni mimi," alisema. "Naiwasha mimi, saa kumi, kila siku."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Pampu ikianza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Umeme wa nyumba nzima hushuka, kisha huruka juu. Taa itapepesa tu, lakini kompyuta haivumilii. Ndiyo maana niliwaletea kile kisanduku chenye betri kiilinde. Kiko wapi?"

Mama alitazama televisheni, akatazama chini.

"Tulipopanga vitu upya kumpisha kijana, nilikihamishia huku kwenye televisheni. Tamthilia yangu ilikuwa inakatikakatika."

"Basi tamthilia imepona, kompyuta imeumia," fundi alisema. "Bahati yenu, kilichoungua ni kifaa cha kupokea umeme. Kitabu kiko salama."

Ijumaa alibadilisha kifaa hicho na kurudisha kisanduku mahali pake. Kachero aliwasha pampu huku wote wamekodoa macho. Taa ilipepesa. Kompyuta haikutikisika.

Mama alimwomba binamu msamaha, akamvutia kiti mbele ya kompyuta. Kachero naye aliomba. Binamu alichekacheka, akaweka vidole kwenye herufi za kweli.

Mama alichukua lile daftari, akalifunua.

"Umeandika kila mtu alikuwa wapi, isipokuwa wewe," alisema. "Siku nyingine ukitafuta mkosaji, anza na jina lako. Nami nitaanza na langu."